Jani la Kufukuzia Nzi

Mimi sinywi pombe, na bado hakuna baa ya bei nafuu kati ya Ilala na Gerezani ambayo sijawahi kukaa. Najua vyoo vyake, supu yake, mhudumu anayenuna na yule anayekuita "mpenzi" hata kama hakujui. Naitwa Mwanne, nauza ndoo na mabeseni Kariakoo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikuwa nafunga duka mapema ili nikakae kwenye kiti cha plastiki na soda yangu ya tangawizi, niwasikilize rafiki zangu watatu wakibishana kama bia ya moto ni kinywaji au ni adhabu.

Kikundi chetu tulikiita Msafara. Hatukuwa na mwenyekiti wala katiba. Tulikuwa na sheria mbili tu: twende baa ambayo hatujawahi kwenda, na asiondoke mtu kabla hajamaliza kinywaji chake cha kwanza. Hiyo ya pili niliitunga mimi, kwa sababu Elibariki alikuwa na tabia ya kuingia mahali, kuangalia ukubwa wa spika, na kugeuza.

Elibariki ni Mchaga wa Kibosho, anauza spea za malori Gerezani. Mpole, mwaminifu, ila akishikilia jambo utadhani nati iliyoshika kutu. Shukuru ni Mngoni wa Songea, kazi yake ni kufuatilia mizigo ya watu bandarini, na Mungu alipogawa mdomo yeye alipanga foleni mara mbili. Wa tatu ni Angelina, mwenye saluni kule Ilala, mtu wa Masasi, jirani kabisa na kwetu Nachingwea. Angelina aliingia Msafara kama shoga yangu, akatoka mchumba wa Elibariki. Na aliyemfuata kumwambia kwamba Elibariki anampenda hakuwa Elibariki. Alikuwa Shukuru, kwa sababu Elibariki mwenyewe alikuwa amejificha kaunta anajifanya anaangalia mpira.

Kwa hiyo hata mtoto mdogo angejua nani atakuwa msimamizi wa bwana harusi. Lilikuwa jambo lisilohitaji kikao.

Kisha mama yake Elibariki akafariki, tukapanda Kosta wote kwenda Kibosho kuzika.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Wachaga na Wapare ni watani. Kwenye msiba wa Mchaga, Mpare anaruhusiwa kufanya vituko ambavyo mtu mwingine angepigwa: anavaa nguo za marehemu, anaiga alivyokuwa akitembea, anadai jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Ni mila. Watu wanacheka huku wanalia, na uchungu unapungua. Siku ile watani walikuwepo, wakafanya kazi yao vizuri.

Shukuru akaona watu wanacheka, akadhani uwanja uko wazi kwa kila mtu. Kumbe Wangoni wana watani wao, tena wengi, lakini Wachaga hawamo. Akachukua kitenge cha mama, akajifunga kiunoni, akainama kidogo upande wa kushoto kama mama alivyokuwa akitembea kwa sababu ya goti, akamwendea Elibariki pale pale kaburini. "Elibariki, umekula?" akamuuliza kwa sauti ya mama. "Umekula nini? Na hilo shati nani kakupa, hakuna pasi huko Dar?"

Jamani, alikuwa mama mtupu. Tulikuwa tunamjua sote, maana kila akija mjini alileta mikungu ya ndizi mpaka kwenye baa na kutuuliza mmoja mmoja kama tumekula. Watu wakaangua kicheko. Elibariki hakucheka. Alimtazama Shukuru, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya migomba peke yake. Wakati wa kurudi alipanda basi lingine.

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: "Yule siyo mtani wetu. Amemdharau mama yangu mbele ya ukoo." Shukuru alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Akaenda mpaka dukani Gerezani, Elibariki akaingia stoo na kukaa humo mpaka mwenzake akaondoka. Mwisho Shukuru akaniambia, "Mwanne, nimeomba radhi mpaka maneno yameniisha. Sasa nibaki na nini?"

Msafara ukafa. Wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo, na nyasi zenyewe zilikuwa mimi na Angelina. Jumamosi za mwisho wa mwezi nikawa nabaki dukani nawagombeza wateja wasio na kosa. Mimi hasira zangu haziko mbali, nakiri, lakini zile zilikuwa za wale wanaume wawili. Wateja walizibeba bure.

Harusi ikakaribia. Elibariki akatangaza kwamba atakayemsimamia ni binamu yake kutoka Arusha, kijana ambaye Angelina alikuwa amemwona mara moja tu, tena amelala kwenye kochi. Suti ikaanza kushonwa. Hapo ndipo Angelina alipokuja dukani kwangu, akakalia ndoo iliyogeuzwa, akaanza kulia.

"Shoga, siyo suti," akasema. "Mimi naogopa. Eli akinuna na rafiki yake wa miaka yote namna hii, siku nikimkosea mimi itakuwaje? Ataingia stoo?"

Nikampa ncha ya khanga yangu afute machozi.

"Nataka wapatane kabla sijavaa shela," akaendelea. "Wasipopatana, nitasogeza harusi mbele. Nimeshaamua."

Basi tukapanga uongo mdogo. Wiki ile kulikuwa na matangazo ya tamasha la vinywaji vya asili, kwenye kiwanja kimoja cha karibu na reli. Pombe za mikoa yote, nyama choma, ngoma, kiingilio cha bei ya soda. Angelina akamwambia Elibariki, "Twende, kutakuwa na mbege ya kwenu." Mimi nikamwambia Shukuru, "Twende, kutakuwa na ulanzi." Hakuna aliyeuliza nani mwingine anakuja. Wanaume hawaulizi maswali ya maana.

Jumamosi ile jua lilikuwa kali na vumbi la Gerezani limetulia kidogo kwa mvua ya jana yake. Kiwanja kizima kilinukia moshi wa nyama na uchachu. Upande mmoja Wahehe na ulanzi wao, upande mwingine watu wa Bukoba na rubisi. Watu wa kwetu Kusini walileta uraka wa mabibo, harufu yake ikanirudisha nyumbani mara moja, mimi nisiyekunywa. Nikapata togwa yangu, tamu, ya baridi. Mtu wa Songea huwezi kumficha penye ulanzi, lakini nilimvuta Shukuru kwa mkono mpaka kibanda cha mbege, nikisema kuna kivuli.

Kibanda kilikuwa cha Mama Goodluck, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, mpishi wa mbege kutoka Marangu aliyehamia Ilala zamani. Alikuwa amekipamba kama kwao. Nguzo zote zilifungwa majani marefu ya kijani yaliyochongoka. Ndani, kwenye benchi, walikaa Angelina na Elibariki.

Elibariki alimwona Shukuru, akasimama. Shukuru akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, kama mtu aliyeuzwa.

"Angelina, tunaenda," Elibariki akasema.

"Shikamoo, mama," mimi nikamsalimia Mama Goodluck kwa sauti kubwa, ili kuvuruga.

"Marahaba, mwanangu. Kaeni." Mama Goodluck alikuwa tayari ameshachota mbege kwa kata. Kwa mila yao mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna sumu. Akapiga funda moja, akamnyooshea Elibariki. "Wewe wa Kibosho, nimeshakuonjea. Unaenda wapi?"

Kata ikishaonjwa kwa ajili yako, kuiacha ni kusema mwenyeji ni mchawi. Elibariki aliijua mila, tena mbele ya Wachaga wenzake waliojaa kibandani. Akaketi, akapokea.

"Na sheria ya Msafara unaijua," nikamwongezea. "Mpaka iishe."

Aliinywa polepole, kwa hasira, akiwa amempa Shukuru mgongo kabisa. Shukuru alikaa ncha nyingine ya benchi na kata yake, hana utani wowote. Katikati tulikaa mimi na Angelina na sinia la mbuzi wa kuchoma na ndizi, tumekuwa ukuta. Nilijaribu habari za mvua. Angelina akajaribu habari za spika. Nikaanza kuwaza kwamba shela la rafiki yangu litakaa kwenye mfuko mpaka litoboke, na kwamba mpango huu wa kijinga niliukubali mwenyewe.

Kilichotuokoa ni nzi.

Walikuja na moshi wa nyama, wengi, wakatua kwenye sinia. Shukuru alivumilia kidogo, kisha akanyoosha mkono kwenye nguzo, akachomoa jani moja refu, akaanza kuwapungia. Alipungia upande wake, akapungia upande wangu. Nzi wakahamia upande wa Elibariki. Shukuru akasita. Halafu akapitisha mkono nyuma ya migongo yetu, akamgusa Elibariki begani kwa lile jani.

"Shika," akasema kwa sauti ya chini. "Kwako wamezidi."

Elibariki alikuwa ameapa kutomtazama, na hakumtazama. Kwa kelele za ngoma nadhani hata sauti hakuitambua, alidhani ni Angelina anampa kitambaa. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapokea.

Mama Goodluck akashusha kata kwenye pipa. Wale Wachaga wa benchi la pili wakaacha kuongea. Mwanamke mmoja akashika kifua. Nikadhani kuna nyoka.

"Umepokea," Mama Goodluck akasema.

Elibariki akatazama mkononi mwake, akaona alichoshika. Uso wake ukabadilika.

"Hapana," akasema. "Mama, hapana. Huyu hajui. Huyu alikuwa anafukuza nzi!"

"Mimi sikuuliza yeye anajua nini. Nakuuliza wewe umeshika nini."

Elibariki akaligeuza jani mkononi.

"Sema, wasikie na hawa wageni. Umeshika nini?"

"Isale," Elibariki akasema kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa.

Shukuru alikuwa ameshasimama, kijasho kinamtoka. Akanigeukia, akamgeukia Mama Goodluck, mikono juu. "Jamani, nimefanya nini tena? Nimekosea mila nyingine? Mimi nilichuma jani tu, mama, naomba mnisamehe, nitalilipia."

Mama Goodluck akacheka, kicheko kikubwa cha tumbo, akamkalisha kwa kumbonyeza bega. Kisha akatueleza. Kwao Uchagani isale huoteshwa mipakani mwa shamba, na ukimkosea mtu, kosa lolote, hata la damu, unachuma jani lake unampelekea. Huhitaji maneno. Akilipokea, amesamehe. Na mtu anayepelekewa isale akakataa, huyo sasa ndiye mwenye kosa, na ukoo wake wote utamshangaa. Masale ya kibandani yalikuwa ya mapambo, ndiyo, lakini hayakuwa ya plastiki.

"Kama mlikuwa na ugomvi," akamalizia, "umekwisha. Kama hamkuwa na ugomvi, basi mna akiba."

Watu wakacheka, mmoja akapiga makofi. Mimi na Angelina tulishikana mikono chini ya sinia, mikono imejaa mafuta ya mbuzi, hatujali. Nilishaanza kusema alhamdulillahi.

Lakini Shukuru hakucheka. Akasimama tena, akamwendea Elibariki, akanyoosha mkono.

"Nirudishie," akasema.

Kibanda kizima kikaguna. Nilitaka kumrushia togwa. Mwanaume amepewa msamaha bure na nzi, anaurudisha dukani!

"Nirudishie, Eli. Sitaki unisamehe kwa sababu ya nzi. Kule msibani nilifanya kitu sikijui maana yake, nikakuumiza. Leo nimefanya tena kitu sikijui maana yake. Sasa nimejua. Nirudishie jani nikupe tena, nikijua, mbele yako, siyo nyuma ya mgongo. Na ukitaka kukataa, kataa."

Alisema bila utani hata kidogo. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia hivyo. Angelina aliubana mkono wangu mpaka pete ikaniumiza.

Elibariki aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alimtazama Shukuru usoni. Lile jani alikuwa amelishika kwa mikono miwili sasa, amelibana kifuani.

"Sikurudishii," akasema.

"Eli..."

"Nimesema sikurudishii. Nikikurudishia halafu ukabadili mawazo, mimi nitabaki na nini?" Akalitazama jani. "Nimechoka, Shukuru. Nimechoka kukukasirikia. Kila siku naamka nakumbuka kwanza kwamba nimekasirika. Nilitaka kuacha, sikujua mtu anaachaje. Nilipotoka stoo siku ile nilikukimbilia mpaka barabarani, basi la mwendokasi likawa limeshaondoka na wewe."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ningesema nini? Nilishamwambia kila mtu umemdharau mama." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Na hukumdharau. Hilo ndilo lenyewe. Wale Wapare walimwiga vibaya, nikavumilia. Wewe ulimwiga sawasawa. Uliponiuliza kama nimekula nilitaka kujibu. Nilifungua mdomo nijibu, nikaona kaburi. Nikaona nikisikia ile sauti tena nitaanguka pale mbele za watu."

Mama Goodluck alikuwa ameegemea pipa lake, macho yamemlowa, mwanamke wa kuamuru vile. Mimi nililia waziwazi, kwa raha. Mzigo wa miezi yote ile niliusikia unashuka mabegani, na nikagundua nilikuwa na njaa.

Shukuru alikuwa amesimama tu, mikono inaning'inia. Elibariki akamtazama muda. Kisha akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi.

"Igiza tena," akasema.

"Nini?"

"Mama. Igiza tena. Nimeanza kuisahau sauti yake."

Shukuru akanitazama mimi, nikamwambia kwa kichwa, haya. Angelina akafungua kitenge alichojitanda begani, akampa. Shukuru akajifunga kiunoni, taratibu, kama mtu anayevaa nguo ya kuazima. Akainama kidogo upande wa kushoto, kwa ajili ya goti. Akatembea hatua chache mpaka mbele ya rafiki yake.

"Elibariki," akauliza, "umekula?"

Elibariki alifungua mdomo. Alilibana lile jani mpaka likajikunja.

"Bado, mama," akajibu.

Nikamsogezea sinia, na Shukuru akakaa kando yake akamfukuzia nzi kwa mkono mpaka alipomaliza kula.